Somo la Kununua Mashine Iliyokwisha Tumika



Katika gazeti hili la muhula uliopita Klabu ya Ufundi ilitangaza ya kwamba kabla ya mwaka kwisha karakana yetu itakuwa na mashine ya kuchonga chuma inayoongozwa na kompyuta. Tangu siku hiyo wengi wamekuwa wakiniuliza, bwenini na katika foleni ya chakula, "Mweka hazina, mashine yenu iko wapi?" Wengine huuliza kwa kutaka kujua, na wengine kwa kutucheka. Nimeonelea nijibu hapa mara moja, kisha nieleze yale niliyojifunza katika safari ya kuitafuta, kwa maana nusura fedha za klabu zipotee, na kosa lilikuwa langu mimi.

MASHINE YENYEWE NI NINI?

Wengi wetu twaijua mashine ya kukereza, ambayo chuma kinachofanyiwa kazi ndicho kizungukacho na kisu kimetulia. Katika mashine ya kuchonga, ambayo mafundi huiita milingi, mambo ni kinyume. Kisu ndicho kizungukacho, nacho hushikwa na mhimili uitwao spindo. Chuma hukazwa kwa jiliwa juu ya meza, na meza ndiyo isogeayo kukipeleka chuma kwenye kisu. Meza huenda kushoto na kulia, huenda mbele na nyuma, na kisu hupanda na kushuka. Njia hizi tatu hupewa herufi X, Y na Z, kama zile tunazochora katika somo la hesabu.

Katika mashine ya kawaida fundi huizungusha meza kwa mkono, kwa kutumia magurudumu madogo. Katika mashine yenye jina la CNC, mota ndizo zinazozungusha, na mota hupata amri kutoka kwa kompyuta. Amri zenyewe ni tarakimu na herufi chache. Ukiandika G00, mashine huenda upesi bila kukata. Ukiandika G01 X50 F100, kisu huenda kwa mstari ulionyooka mpaka alama ya milimita 50, kwa mwendo wa milimita 100 kwa dakika. G02 na G03 ni za kukata mviringo, M03 huzungusha spindo, na M05 huisimamisha. Aliyesoma jiometri ya Kidato cha Pili aweza kujifunza kuandika kazi nyepesi kwa muda wa wiki mbili.

Fikira hii ilianzia Marekani. Bwana John T. Parsons wa Michigan alikuwa akitengeneza mabapa ya helikopta, akatafuta njia ya kukata umbo gumu kwa kufuata tarakimu badala ya macho ya fundi. Jeshi la Anga la Marekani likatoa fedha, na mwaka 1952 mabingwa wa chuo cha MIT walionyesha mashine ya kwanza ya namna hiyo, ikisoma amri zake katika utepe wa karatasi uliotobolewa matundu. Leo kompyuta ndogo iliyokwisha tumika ofisini yaweza kufanya kazi ile ile.

FEDHA ZETU ZILITOKA WAPI?

Klabu ilikuwa na Sh. 6,200,000. Fedha hizi zilikusanywa kwa miaka minne. Tulitengeneza vitanda vya bweni vilivyovunjika, tukaunga toroli za jirani, tukauza majiko ya mkaa siku za wazazi. Waliozianza fedha hizi walikuwa wakubwa zetu waliokwisha maliza shule, wala hawakupata kuiona mashine. Mweka hazina aliyenitangulia aliponikabidhi daftari aliniambia, "Hizi si zako wala si zangu." Neno hilo nalikumbuka sana.

KOSA LANGU

Mwezi wa pili mwaka huu tulipata habari ya mashine inayouzwa katika yadi moja mjini. Mwenye yadi alimpelekea mwalimu wetu mlezi picha ya kutembea katika simu. Tuliiona mashine imepakwa rangi mpya ya kijani, taa zake zawaka, na meza yake yaenda na kurudi kwa madaha. Wanachama walipiga makofi. Mimi niliombwa kuandika taarifa kwa Mkuu wa Shule, nami nikaandika, "Mashine ni nzima na yafaa kununuliwa." Nilikuwa sijaigusa. Nilikuwa sijapima hata kitu kimoja. Niliandika kwa sababu niliipenda, na kwa sababu nilijua huu ndio mwaka wangu wa mwisho hapa.

Mwalimu aliisoma taarifa, akaikunja, akaitia mfukoni. Akasema, "Jumamosi tutakwenda wote. Uchukue ile saa ya kupimia."

Saa ya kupimia ni chombo kidogo chenye uso kama wa saa na mshale mmoja. Ncha yake ikisukumwa, mshale huzunguka, na kila alama ni sehemu moja ya mia ya milimita. Ina mguu wa sumaku wa kushika chuma. Chombo hiki ndicho kilichotuokoa.

Tulipofika yadini, mwenye mashine alitaka Sh. 9,000,000. Alipoona tunasitasita akashuka mpaka Sh. 6,000,000, akasema ni bei ya siku ile tu, kwani mtu mwingine yuko njiani. Mwalimu akaniambia, "Pima."

KUPIMA ULEGEVU

Mota huizungusha parafujo ndefu iliyo chini ya meza, na nati iliyoshikamana na meza hufuata. Katika mashine nzuri, ndani ya nati mna gololi za chuma zizungukazo, nayo huitwa parafujo ya gololi. Ikiwa nati na parafujo zimelika, parafujo huzunguka kidogo kabla meza haijasogea. Huo ndio ulegevu, nao hupimwa hivi:

Kwanza, bandika mguu wa saa kwenye kichwa cha mashine, ncha iguse kipande cha chuma kilichokazwa mezani. Pili, sogeza meza upande mmoja mpaka mshale uanze kwenda, kisha weka sifuri. Tatu, amuru meza iende milimita 1 upande ule ule. Mshale lazima usome 1.00. Nne, amuru irudi milimita 1. Mshale ukirudi sifuri kamili, hakuna ulegevu. Ukibaki nyuma, kiasi kilichobaki ndicho ulegevu.

Nilipopima mwisho wa kushoto nilipata 0.12. Mwisho wa kulia nilipata 0.11. Katikati ya meza nilipata 0.42. Nilidhani nimekosea, nikarudia mara tatu, na jibu likawa lile lile.

Sababu yake ni rahisi ukifikiri. Kazi nyingi hufanywa katikati ya meza, kwa hiyo parafujo hulika zaidi hapo. Mwenye mashine alisema kompyuta yaweza kuambiwa ulegevu ni kiasi gani, nayo iongeze yenyewe. Ni kweli kwamba yaweza, lakini kwa kawaida huambiwa kiasi kimoja kwa parafujo yote. Tukiiambia 0.42, pembeni itakosea kwa kuzidisha. Tukiiambia 0.12, katikati itakosea kwa kupunguza. Tena hesabu ya kompyuta haiwezi kuishika meza isivutwe na kisu; kisu kikiuma chuma kwa nguvu, meza huruka umbali wote wa ulegevu, na kisu huvunjika.

Mwalimu akainua kifuniko cha mpira kilichoficha njia za meza. Rangi ya kijani iliishia pale pale kifuniko kilipoanzia. Ndani tuliona mikwaruzo mirefu ambayo ukucha ulikwama ndani yake. Tukauliza kama kuna vitabu vya mashine na karatasi za namba zake za ndani. Havikuwapo. Jambo hili ni kubwa, kwa maana mashine nyingi za zamani huhifadhi namba hizo kwa nguvu ya betri ndogo. Betri ikifa, namba hupotea, na kama huna nakala, mashine haijui tena hata urefu wa meza yake.

Nawaambia kweli, hata baada ya kuyaona hayo nilimwomba mwalimu tuinunue. Nilisema tutaitengeneza polepole. Alitoa ile taarifa yangu mfukoni akanipa, akasema, "Soma sentensi yako ya pili kwa sauti." Nilisoma. Tukaondoka. Njia nzima katika basi sikusema neno, na jioni wanachama waliotungoja langoni niliwaeleza mwenyewe, kwa kuwa mwalimu alikataa kuwaeleza kwa niaba yangu.

MASHINE YA PILI

Baada ya wiki sita tulisikia habari za mzee mmoja fundi ambaye alikuwa akifunga karakana yake kwa sababu ya uzee. Tulikwenda kwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kuitazama maiti yangu?"

Alituonyesha mashine ndogo iliyosimama pembeni, nyeusi kwa grisi iliyokauka. Kompyuta yake ilikuwa imekufa miaka mingi. Kama ningeiona katika simu, ningegeuza uso. Mzee alipofuta grisi kwa kitambaa na mafuta ya taa, njia za meza zilikuwa safi, na bado zilionyesha zile alama ndogo ndogo kama magamba ya samaki, ambazo mafundi huzikwangua kiwandani ili njia zilale sawasawa na kushika mafuta. Alama zile zikiwa bado zaonekana pote, ni dalili kwamba chuma hakijalika sana.

Kwa kuwa mota zilikuwa hazina amri, tulizungusha parafujo kwa mkono na kuisoma saa. Ulegevu ulikuwa 0.03 kushoto, 0.03 katikati, 0.02 kulia. Tukaweka ncha ya saa ndani ya tundu la spindo na kuizungusha polepole. Mshale ulicheza 0.01 tu. Kisha mzee akaunganisha mota ya spindo, tukaiacha izunguke dakika ishirini. Haikulia kama kokoto, na tulipoizima na kuweka kiganja karibu na beringi, ilikuwa vuguvugu tu.

Hapo ndipo nilipofahamu somo lenyewe. Chuma cha kusubu kilichopotoka au kulika, shule kama yetu haiwezi kukirudisha. Waya, mota na kompyuta twaweza kuvinunua kidogo kidogo na kuvifunga wenyewe. Basi anunuaye mashine ya zamani na anunue chuma chake kwanza, na taa zake ziwe baadaye.

UMEME NA HESABU NYINGINE

Mota ya spindo ilikuwa ya umeme wa fezi tatu, na karakana yetu ina fezi moja ya volti 230. Msikate tamaa kwa jambo hili kama mota ni ndogo. Someni kibao cha mota. Chetu kilisema 230/400, yaani mota yaweza kufungwa kwa umbo la pembetatu kwa volti 230, au kwa umbo la nyota kwa volti 400. Kifaa kiitwacho inveta hupokea fezi moja ya volti 230 na kutoa fezi tatu za volti 230, kwa hiyo mota hufungwa kwa pembetatu. Faida nyingine ni kwamba inveta hubadili kasi ya mota bila kuhamisha mikanda. Kazi ya kuunganisha tulimwachia fundi umeme mwenye leseni, nasi tukatazama.

Za kusogeza meza tulichagua mota za hatua. Mota ya namna hii hugawa mzunguko mmoja katika hatua 200. Parafujo yetu husogeza meza milimita 5 kwa mzunguko mmoja. Basi hatua moja ni 5 kugawanya kwa 200, yaani milimita 0.025, ambayo ni nyembamba kuliko unywele. Kompyuta tuliifunga programu ya LinuxCNC, ambayo haiuzwi, kila mtu hupewa bure.

Kasi ya kisu pia ina hesabu yake. Kwa kisu cha chuma kigumu cha kawaida na chuma laini cha kazi, mwendo wa meta 25 kwa dakika wafaa. Zidisha 25 kwa 1000, kisha gawanya kwa 3.14 mara upana wa kisu kwa milimita. Kisu cha milimita 10 hutaka mizunguko 800 hivi kwa dakika, na cha milimita 20 hutaka nusu yake. Anayezungusha kisu kikubwa kwa kasi ya kisu kidogo hukiunguza, na visu ni ghali.

Hesabu ya matumizi ni hii, na daftari liko wazi kwa kila mwanachama:

Mashine: Sh. 2,800,000
Lori na wapakiaji: Sh. 400,000
Mota tatu, vifaa vya kuziendesha na chanzo cha umeme: Sh. 1,250,000
Inveta: Sh. 380,000
Kompyuta iliyotumika: Sh. 250,000
Waya, swichi na kitufe chekundu cha kuzimia: Sh. 270,000
Visu na koleti za kuvishika: Sh. 450,000
Jumla: Sh. 5,800,000
Baki: Sh. 400,000

Jambo moja tulilisahau sote, hata mwalimu. Mlango wa karakana ni sentimeta 90, na mashine ni sentimeta 110. Lori lilipofika ilitubidi kung'oa fremu ya mlango kabla jua halijatua, huku wapakiaji wakitudai muda wao. Tuliiingiza juu ya mabomba ya chuma yaliyolazwa sakafuni, tukilitoa bomba la nyuma na kulipeleka mbele. Hakuna aliyeruhusiwa kusimama upande ambao mashine yaweza kuangukia, wala kutia mkono chini yake. Basi mkinunua chochote kikubwa, pimeni mlango kwanza.

MASWALI YA KWENDA NAYO

Kwa faida ya klabu za shule nyingine, nayakusanya hapa maswali ambayo yafaa kujibiwa kabla ya kutoa fedha:

1. Je, nimeigusa na kuipima mwenyewe, au nimeiona katika picha tu?
2. Ulegevu ni kiasi gani kushoto, katikati na kulia? Je, kiasi hicho ni sawa pote?
3. Njia za meza zikoje chini ya vifuniko na grisi?
4. Spindo yacheza kiasi gani, na baada ya dakika ishirini yalia au yapata moto?
5. Vitabu na namba za ndani vipo? Betri ilibadilishwa lini?
6. Kibao cha mota chasema volti ngapi na fezi ngapi, na karakana ina nini?
7. Uzito wake ni kiasi gani, nani ataipakua, na mlango una upana gani?
8. Baada ya kuinunua, fedha za visu zitabaki?

IKO WAPI SASA?

Sasa nawajibu walioniuliza. Mashine iko karakanani, upande wa dirisha. Spindo yazunguka. Meza yaenda kwa X na kwa Y kwa amri ya kompyuta. Mwezi uliopita tulichonga kipande cha kwanza cha alumini, mraba wa milimita 50. Tulipoupima ulikuwa 50.04. Njia ya Z bado hushushwa kwa mkono, kwani kiungo cha mota yake hakijatengenezwa. Twataka kukichonga kiungo hicho kwa mashine yenyewe, iwe kazi yake ya kwanza ya haki.

Mimi sitakuwapo. Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wa taifa, kisha tutakwenda zetu. Nilipokuwa naandika ile taarifa yangu ya uongo niliharakisha ili niione mashine ikifanya kazi kabla ya kuondoka, na kwa haraka ile karibu niwaachie ndugu zangu rundo la chuma kilicholika, chenye rangi nzuri. Afadhali niwaachie mashine nzima isiyokwisha.

Wa Kidato cha Pili na cha Tatu, mlango wa karakana uko wazi siku za Jumamosi. Njooni na miwani ya kukinga macho. Msije na glavu wala mikono mirefu ya shati karibu na spindo. Daftari la fedha nitalikabidhi wiki ya mwisho ya muhula, na ndani yake nimeibandika ile taarifa yangu, ili mweka hazina ajaye aisome kabla ya kuandika yake.

Haraka haraka haina baraka.

Mweka Hazina, Klabu ya Ufundi
Kidato cha Nne